Kasha Lililokaa Darini na Mbegu

Ukifika Nachingwea ukamtaja Kulthumu, watakwambia: aa, yule mjane aliyeziua kompyuta za mumewe. Waongo wakubwa! Nimechoka kuwajibu mmoja mmoja. Mtu anakuja kwangu asubuhi, kitumbua changu kimo mdomoni mwake, na mdomo huohuo unamsengenya mwanangu. Leo naeleza mara moja, na asiyetaka kusikia akanunue vitumbua kwingine.

Si mwanangu wa kumzaa. Mimi ni Rabia, jirani yake tu, nakaanga vitumbua mkabala na nyumba aliyokuwa akiishi. Kulthumu alizaliwa Lionja, kwenye mikorosho na mihogo ya baba yake. Alipomaliza darasa la saba, katikati ya miaka ya tisini, shangazi yake akamleta mjini kusaidia kazi za nyumba. Msichana wa watu hakuwa na maneno mengi. Jirani na nyumba ya shangazi kulikuwa na karani mwenye taipureta, na Kulthumu akishaosha vyombo alikwenda kusimama dirishani kutazama vidole vya yule karani. Alisimama mpaka karani akachoka kukingiwa mwanga, akamwambia, "Haya, ingia ukae, uone vizuri." Hivyo ndivyo alivyojifunza kupiga chapa.

Hapohapo dirishani ndipo Mshamu alipomkuta. Mshamu alikuwa kijana wa Chinongwe, kule Ruangwa, mcheshi, miguu mirefu, aliyekwenda Mtwara kujifunza kutengeneza redio akarudi na akili ya kompyuta. Walioana, wakapanga nyumba ile, na chumba cha mbele wakakifanya steshenari. Kompyuta zilikuwa tatu, kuukuu, na printa iliyolia kama mbuzi. Kulthumu alipiga chapa, Mshamu alitengeneza. Walimu walileta mitihani, misikiti na parokia zilileta matangazo, hata kadi za harusi zilitoka pale. Watoto Mungu hakuwajalia. Mimi nikiwatania, "Nyie mtazaa makaratasi," na Mshamu alijibu, "Mama Rabia, karatasi hailii njaa." Walipendana wale watu. Nasema kwa sababu nilikuwa nawaona kila siku.

Chumbani kwao, kando ya kitanda, upande wa Mshamu, palikuwa na kigoda na juu yake kasha jeupe la bati lenye taa ya kijani inayokonyeza. Halikuwa na kioo wala vitufe. Usiku na mchana linavuma, mmm, taratibu, ilimradi umeme upo. Mimi nikidhani ni stebilaiza. Kulthumu mwenyewe hakulijua vizuri, alijua tu kwamba halizimwi. Na mama yake Mshamu, Bi Mwanawetu, akija kutoka Chinongwe kumsalimia mwanawe, alikuwa akiuliza, "Hiki nini, baba?" Mshamu alimjibu, "Mama, humu ndimo yalimo yangu yote." Basi mama anatikisa kichwa, anacheka.

Mwaka 2006, masika, homa ilimpanda Mshamu. Tulidhani malaria ya kawaida. Kabla ya wiki kuisha tukamzika.

Kulthumu hakulia. Alikaa ukutani, macho makavu, ukimpa uji anakunywa, ukimwambia lala analala. Na binadamu hawana jema. Wakaanza: mbona halii? Bi Mwanawetu naye alilia hadi sauti ikakata, wakasema: huyo analia sana, ana lake. Maana Mshamu alikuwa mtoto wake wa tatu kumzika, na yule mama alishabaki peke yake. Kaka yake mwenyewe, Mjomba Ausi, mkubwa wa ukoo wao, aliacha kula nyumbani kwake tangu alipokufa mtoto wa pili. Anakuja, anasalimia, anaondoka na njaa yake. Sote tulijua maana yake, ila hakuna aliyelitamka neno uchawi.

Siku ya kuanua tanga, wakagawa vitu vya marehemu vya chumbani, kama ilivyo desturi. Shati kwa huyu, viatu kwa yule. Mama mzazi huchagua kwanza. Bi Mwanawetu hakutaka nguo. Aliingia chumbani, akachomoa lile kasha kwenye nyaya zake, akalifunga kwenye kanga, akalibeba kichwani kama mtungi. Nani angemzuia? Tuliona ni kumbukumbu ya mama. Hata Mjomba hakujua mna nini ndani ya ile kanga, alikuwa nje na wanaume.

Kulthumu akakalia eda, miezi minne na siku kumi, ndani ya chumba kilekile. Steshenari ilipofunguliwa tena, akaishika mdogo wake, Fatma, aliyekuja kutoka Lionja na anajua kupiga chapa kidogo. Na hapo ndipo balaa lilipoanza.

Kompyuta ukiiwasha, zamani ulikuwa unatia sukari kwenye chai, unakoroga, imeshafunguka. Sasa unakunywa chai ikaisha, unaosha kikombe, bado kioo cheusi na maandishi meupe yamesimama. Umeme wetu wa siku zile ulikuwa wa kuja na kuondoka. Basi Fatma anawasha, anangoja, anangoja, inafunguka, na umeme unakatika. Na siku ikibahatika kufunguka, kazi zote za zamani hazionekani. Mitihani ya shule, hakuna. Akaitwa fundi wa sokoni, akafungua, akapuliza vumbi, akasema virusi. Akaja mwingine akasema zimezeeka. Wateja wakasema marehemu amezishika, anamdai mkewe machozi. Loo, watu!

Mjomba Ausi akaja kutoka Ruangwa, akasimama mlangoni, akatazama kioo cheusi. Akaniambia mimi, maana mwenye eda hakuweza kutoka, "Mwambie mkwe wetu. Akitoka eda tutakaa kikao. Duka likiwa linatembea, abaki nalo, ndilo jasho lao wawili. Likiwa limekufa, tunachukua vyombo vyetu, yeye arudi kwao."

Nilimfikishia. Kulthumu akasema, "Bi Rabia, mimi jembe sikulikataa. Lakini pale mbele ndipo nilipokaa naye. Nikiondolewa pale nitakuwa nimefiwa mara mbili." Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akisema maneno marefu tangu msiba.

Basi nikamtafuta Jastin. Huyu alikuwa rafiki wa Mshamu toka masomoni Mtwara, Mkristo wa Ruangwa, anatengeneza kompyuta za shule za misheni. Msiba ulimpita, alikuwa safarini. Alikuja na pikipiki yake, akaingia dukani, akakaa kwenye kiti cha Mshamu, akainama kwanza. Nikamwacha.

Halafu akawasha kompyuta moja, akakunja mikono. Hakugusa kitu. Maandishi yakakimbia, yakasimama. "Hapa," akasema. Akawasha ya pili, ikasimama palepale. Ya tatu, palepale.

"Mama Rabia," akaniuliza, "watoto watatu wa nyumba moja wakiharisha siku moja, utawachunguza matumbo au utautazama mtungi wa maji?"

"Nitautazama mtungi. Na wewe usinizungushe, sema."

Akacheka kidogo. Akachomoa waya nyuma ya kompyuta moja, akaiwasha tena. Ikafunguka upesi kama zamani! Fatma akapiga vigelegele, nikamkanya, nyumba ya eda hii. Lakini Jastin hakufurahi. Akatuonyesha ndani: tupu.

"Hazina ugonjwa," akasema. "Mshamu alizifundisha kwamba zikiamka, kabla ya kufungua mlango, ziende kwanza kwa mkubwa wao kuchukua mafaili. Mkubwa haitiki. Zinagonga, zinangoja, zinagonga tena, mpaka zichoke. Nikichomoa waya zinajua njia hakuna, haziendi. Huyo mkubwa yuko wapi? Waya huu unaingia ukutani."

Ukuta ule ni wa chumba cha mwenye eda. Jastin si maharimu wake, hawezi kuingia wala kusemezana naye. Basi ikabidi miguu yangu hii mibovu iwe waya. Jastin ananiuliza, naingia, namuuliza Kulthumu, natoka, namjibu.

"Muulize kuna kompyuta humo?"

"Anasema hakuna."

"Kuna kasha lenye taa ya kijani?"

Nikaingia. Kulthumu akanitazama, halafu akatazama kigoda. Waya ulikuwa umening'inia ukutani, ncha yake inagusa kigoda kitupu.

"Lilikuwa hapa," akasema. "Mama alilichukua siku ya kuanua tanga."

Nilipomwambia Jastin, akasimama. "Lipo Chinongwe? Kumbe halijapotea! Likirudi likawashwa, kila kitu kinarudi, mitihani na yote. Twende, Mama Rabia." Nami kwa uzee huu nikapanda pikipiki, nikamkumbatia Mkristo wa watu kiunoni, njia nzima tope, nasoma dua na kumtukana kwa zamu.

Bi Mwanawetu alitupokea kwa furaha ya mtu asiyetembelewa. Alipika ugali na kisamvu, akatutazama tukila, na kila tonge nililomeza nilimwona anashukuru kimoyomoyo. Jastin akasema, "Mama, tumekuja kuliona lile kasha la Mshamu."

Uso ule uliwaka! Akatushika mikono wote wawili, akatupeleka jikoni. Akapanda kiti, akaingiza mkono darini, juu kabisa ya mafiga, pale anapoweka mbegu zake za mahindi na mbaazi zisiliwe na fukusi. Kila mtu wa kwetu anajua, kitu unachotaka kiishi hadi mwakani unakiweka kwenye moshi. Akateremsha kanga nyeusi tititi, akaifungua.

"Aliniambia yake yote yamo humu," akasema. Kiswahili chake ni cha kukatakata, Kimwera ndicho chake. "Nimetunza. Moto sizimi, mchana, usiku. Mdudu hajagusa. Panya hajagusa."

Kasha lilikuwa rangi ya sufuria ya kuni kwa nje. Masizi yalilowa na kuganda kama lami, plastiki ya mbele imejikunja, na lilipoinamishwa lilitoa harufu ya waya ulioungua. Nilimtazama Jastin.

"Umetunza, mama," akasema.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi sina subira na watu, mnanijua, lakini pale nilitoka nje nikajifanya natafuta kandambili zangu. Nililia hadi kanga ikalowa.

Jastin alimwomba alichukue siku chache. Akakubali kwa shingo upande, akamwapisha atalirudisha. Mjini akalifungua pale dukani, akasugua, akabadilisha alivyoweza, akatoa lile bamba la ndani lenye kumbukumbu akalitia kwenye kompyuta nyingine. Likagonga, tk, tk, tk, likanyamaza. Akajaribu tena kesho yake. Jioni akaegemea ukuta wa chumba cha eda, akaniambia, "Limekufa, Mama Rabia. Limekufa na yote. Moto ule ulikuwa chini yake tangu tanga lilipoanuliwa."

"Sasa?"

"Sasa naweza kuziambia hizi tatu zisimtafute tena. Nifute mstari mmoja tu. Zitafunguka upesi, mtaanza upya. Lakini sifuti bila idhini yake. Muulize: niziambie zisingoje tena?"

Nikaingia. Nilimweleza Kulthumu yote, mafiga, mbegu, moshi. Kisha nikauliza lile swali kama nilivyopewa.

"Zilikuwa zinamngojea?" akauliza. "Siku zote hizi?"

"Zinangoja kasha, mwanangu."

"Mwambie aziambie," akasema. "Aziambie hayupo."

Na hapo ndipo alipolia. Wale waliokuwa wanamdai machozi wangekuja waone. Alilia kilio cha kutoka tumboni, akauma ncha ya shuka nyeupe sauti isifike dukani, na nje nikasikia vidole vya Jastin vinagonga vitufe, kisha vikaacha. Alipotulia akanishika mkono, kwa nguvu.

"Mama asijue. Kasha lirudi kwake, lifungwe vizuri kwa kanga mpya. Na wewe usiseme, wala Jastin wala Fatma asiseme."

"Hee! Na kikao je? Wewe utasemaje?"

"Bi Rabia, unajua wanavyomsema. Watoto watatu kazika. Wakisikia na kazi ya mwanawe aliichoma kwa mkono wake, si watamaliza? Watamtoa pale kwake usiku mmoja."

Nilibishana naye. Nilimwita mjinga, Mungu anisamehe.

Eda ikaisha, akaogeshwa, akatolewa nje. Kikao kikakaa uani. Kompyuta zilikuwa zinafunguka sasa chapuchapu, lakini tupu, na walimu walishakuja kupiga kelele kwa ajili ya mitihani yao, wakahamia duka jingine. Mjomba Ausi hakuwa mtu mbaya, aliuliza kwa adabu. "Mkwe, fundi anasema kulikuwa na kompyuta kubwa iliyobeba kazi zote. Iko wapi?"

Bi Mwanawetu alikuwa amekaa mkekani, miguu ameinyoosha, ananitabasamia mimi. Neno kompyuta hakulihusisha na kitu chochote cha kwake.

Kulthumu akasema, "Iliharibika mikononi mwangu, mjomba."

"Vipi?"

"Sikujua kuitunza."

Nilifungua mdomo. Akanikanyaga mguu, kisigino chote juu ya vidole vyangu, nikaufunga. Jastin alikuwa amesimama getini, akageuka akawapa mgongo. Mjomba akapumua, akasema basi, vyombo vitakwenda Ruangwa, na mkwe arudi kwao kwa heshima. Watu wakanong'ona. Kuanzia siku hiyo ndiye aliyeziua kompyuta za mumewe.

Akarudi Lionja. Analima ufuta na mihogo, anaokota korosho za baba yake. Vidole vilivyokuwa vinakimbia kwenye vitufe sasa vina sugu za jembe. Nilikuwa namtembelea nikipata nauli ya lori la mnada. Hakuniuliza habari za duka hata siku moja. Aliniuliza tu, "Mama wa Chinongwe hajambo?" Na kila mwaka, kabla ya kupanda, alikwenda kwa Bi Mwanawetu kumsaidia kuteremsha mbegu. Wanateremsha mbegu, wanateremsha na kasha. Bi kizee analifuta masizi kwa upindo wa kanga, analifunga tena, analirudisha. Aliniambia mwenyewe siku moja, "Mkwe wangu angeweza kunidai cha mumewe. Aliniachia chote. Nani ana mkwe kama huyu?" Nikamwambia, hakuna.

Bi Mwanawetu alikufa mwaka 2009, usingizini, mbegu ziko juu. Tulikwenda sote Chinongwe. Mjomba Ausi alikuwepo, amezeeka, na siku ya kuanua tanga alikula ugali nyumbani kwa dada yake mbele ya watu wote. Alikula polepole, hadi sahani ikaisha. Mimi nilimtazama nikasema moyoni, sasa ndiyo unakula.

Walipomwuliza Kulthumu anataka nini cha mama mkwe wake, aliingia jikoni, akapanda kiti, akateremsha ile kanga. Fundo likafunguka mlangoni, kasha jeusi likaonekana mbele ya Mjomba na taa yake iliyokufa. Mjomba ni mtu wa mjini, kompyuta anaijua hata ikipakwa masizi. Alilitazama. Akatazama dari, akatazama mafiga yaliyokuwa chini yake.

"Lilikuwa huku?" akauliza. "Siku ile ya kikao, lilikuwa huku?"

"Ndiyo, mjomba."

"Na dada alijua?"

"Hapana. Amekufa hajui."

Mjomba akashika kizingiti. Kompyuta zile alishaziuza, duka lile sasa ni la dawa za mifugo, na dada yake tumemzika. Kulthumu akalifunga kasha upya, akaniambia, "Bi Rabia, nitwishe." Nikamtwisha, tukaondoka.

Lionja hakuna umeme hadi leo. Kasha liko chumbani kwake, juu ya kigoda, upande wa ukuta ambao Mshamu angelala.